Dina ya Saa Sita

Kiingereza mimi sikukisoma, nilikipika. Darasani nimekaa miaka miwili tu, kwa katekista wa upande wetu wa Goweko, na katika miaka hiyo nilijifunza kusoma Kiswahili, kukiandika na kumchotea mwalimu maji. Basi. Mengine yote niliyo nayo, nyumba ya matofali ya kuchoma, mashamba, watoto waliosoma mpaka wakachoka wenyewe, niliyatoa jikoni kwa mikono hii. Kwa hiyo mwalimu kijana akija kwangu, akakalia kiti nilichonunua mimi, akanieleza kwamba dina ni chakula cha usiku na hakuna zaidi, mimi humwuliza swali moja: dina ya nani?

Hapo hucheka. Anadhani Waingereza ni kabila moja.

Zamani hata mimi nilidhani hivyo, na kudhani kwangu kulinitia jina baya ambalo lilinikaa mwilini miaka mitatu kama upele. Aliyenitia jina hilo amekwisha kufa. Sikwenda kumzika. Wanangu walinisihi, wakasema baba, watu wataonaje, nikawaambia waende wao wakachimbe, mimi nina udongo wangu wa kumtupia na nitautupa kwa kalamu. Ndio huu.

Nyumba yangu ya kwanza mjini Tabora, wakati wa Mwingereza, miaka michache kabla ya vita kuu ya pili, ilikuwa ya memsabu mmoja mzee aliyekuwa akifundisha wasichana kushona. Kwao ni kusini ya Uingereza, karibu na mji wao mkuu. Aliingia jikoni mwenyewe na saa ya mkononi akanifundisha. Asubuhi brekfasti. Saa saba mchana lanchi, kitu chepesi, mayai au nyama baridi. Saa kumi chai na biskuti mbili, si tatu. Saa mbili usiku dina, nayo ilikuwa na supu kwanza, nyama katikati, pudini mwisho. Alikuwa peke yake mezani, hana mume wala mgeni, na bado alivaa gauni refu kwa ajili ya dina, utadhani nyama ile ya ng'ombe wa kijiji cha Choma ilikuwa gavana. Miaka minne nilimpikia. Aliporudi kwao alinipa cheti kizuri kilichoandikwa kwa wino wa buluu, na mkono wake nikaushika.

Sasa nieleze jambo moja, kwa sababu bila hilo mtasoma haya mkifikiri ni kelele za mzee. Wapishi wa Tabora tulikuwa na desturi yetu, na hakuna Mzungu aliyeitunga. Mpishi mpya akiingia nyumba, mtu aliyekuwapo humkabidhi jiko. Kama mpishi wa zamani hayupo, boi wa meza hukabidhi. Siku tatu. Si kukabidhi sufuria, sufuria kila mtu anaziona. Kukabidhi ni kumwambia mgeni: bwana huyu anataka mayai yatetemeke, memsabu hataki kunusa kitunguu, siku wanayopata barua za kwao usimwulize mtu kitu, na chakula chao wanakiita hivi, wanakila saa hizi. Siku tatu mgeni anamtazama mwenyeji. Siku ya nne ndiyo anashika mwiko. Mzungu mwenyewe hakuelezi, maana hadhani kama mambo yake yanahitaji kuelezwa. Aliyekataa kukabidhi tulimhesabu kama mtu aliyekojolea kisima.

Nyumba yangu ya pili ilikuwa ya bwana wa visima. Alikuwa mtu mkubwa mwenye shingo nyekundu, kazi yake kutafuta maji katika nchi yetu kavu ya kule Igunga na kwingineko. Mpishi wake alikuwa amefariki. Aliyebaki nyumbani ni boi wa meza, mtu wa mjini hapa hapa, amenizidi miaka kama kumi, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, tarabushi nyekundu, na Kiswahili cha kuviringisha ulimi. Alikuwa na shemeji yake asiye na kazi ambaye alitaka achukue jiko lile. Bwana akanichukua mimi kwa sababu ya wino wa buluu wa memsabu.

Nilifika Jumamosi mchana. Nikamsalimu, "Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Wewe ndiye mpishi mkuu wa Goweko?"

"Ndimi. Nikabidhi jiko."

"Sufuria zile pale. Visu hivi hapa. Kuni ziko nyuma. Umekabidhiwa."

"Na chakula chake?"

"Si ulisema pale buchani kwamba umetoka kwa Wazungu?"

"Nimetoka."

"Basi huyu anakula kama Wazungu wote. Au Mzungu wako wewe alikuwa akila majani?"

Nilicheka. Hapa niseme ukweli unaoniuma. Niliyasema hayo buchani kweli. Kila asubuhi wapishi wote wa nyumba za Wazungu tulikutana kwa mwenye bucha, tukakaa kwenye gogo tukingoja nyama, na pale mimi nilikuwa nimejisifu wiki nzima: mimi nimelelewa na memsabu, mimi simwulizi mtu namna ya kumlisha Mzungu. Mtu aliyejisifu hivyo angerudije kusema, kaka, nikae siku tatu nikutazame? Sikuuliza tena. Hilo ndilo kosa langu, na ninalibeba mwenyewe. Yanayofuata si yangu.

Jioni ile bwana alirudi na vumbi lake, amekwisha kula kwa rafiki yake. Akasimama mlangoni pa jiko akasema, "Kesho dina, watu sita. Nyama ya kuoka."

Nikasema, "Ndiyo, bwana." Dina. Neno langu nililolilea mwenyewe. Kesho yake asubuhi nilichemsha supu taratibu, nikapaka paja la ng'ombe chumvi na pilipili manga, nikalifunika. Nilipanga liingie kwenye tanuri saa kumi. Jiko lilikuwa nyuma ya nyumba, mbali kidogo, kama majiko yote ya wakati ule, kwa hiyo chumba cha kulia sikukiona. Sikuona kwamba boi wa meza alikwisha tandika kitambaa tangu saa nne, vijiko vimepangwa, glasi zimefutwa. Alipita jikoni mara mbili kuchukua maji ya moto. Paja lile bichi aliliona. Mara ya pili hata alilipiga kofi akasema, "Nyama nzuri." Akaenda zake.

Saa sita na nusu nikasikia viti. Kisha nikasikia mtu anagonga meza kwa mpini wa kisu, pole pole, namna mtu mwenye njaa anavyogonga. Kisha bwana mwenyewe akaja jikoni na leso ya meza shingoni. Akaona tanuri baridi na paja bichi. Nyuma yake amesimama boi wa meza, mikono ameikunja mbele ya kanzu kama mtu aliye msikitini.

"Dina iko wapi?" bwana akauliza.

Nikasema, "Dina ya usiku, bwana."

Uso wake ukawa kama nyama ile. Sikuelewa. Nilifikiri amebadili nia, au wageni wamekosea siku. Na hapo ndipo yule mtu aliponyoosha shingo akasema kwa sauti ya huzuni, "Bwana, mpishi amelewa. Tangu asubuhi namwambia, hasikii. Tazama macho."

Macho yangu yalikuwa mekundu. Kuni za nyumba ile zilikuwa mbichi, na nilikuwa nimepuliza moto tangu alfajiri. Kwetu ni watu wa kanisa. Nyumba ya baba pombe haikupita mlangoni, na mimi mpaka leo na mvi hizi sijaonja hata togwa iliyochacha. Nikafungua mdomo nimwambie bwana aninuse. Hakutaka kuninusa. Aliniandikia cheti pale pale juu ya meza ya jikoni, mistari miwili, kwa penseli, na wageni wake wakala mkate na nyama ya kopo.

Sikuweza kusoma mkono wa Kizungu. Nyumba tatu nilikwenda na vyeti vyangu viwili, na nyumba tatu nilirudishiwa kwa kicheko. Mwishoni mfanyabiashara Mhindi aliyeniuzia kitambaa akanionea huruma, akavaa miwani. "Rafiki," akasema, "hii ya pili chana. Inasema wewe hulewa siku ya Jumapili."

Hata ningeichana, mdomo wa yule mtu ningeuchanaje? Yeye alikwisha kufika buchani kabla yangu. Asubuhi nilipokuja, wapishi wakasogea kwenye gogo, si kunipa nafasi, kuniepuka. "Mwangaluka, mlevi," wakanisalimu Kinyamwezi, ili wale wa kwetu nao wasikose kusikia. Mmoja akasema, "Mpeni maini, yanaondoa pombe." Yule mtu amekaa katikati yao, mguu juu ya mguu, anacheka bila kutoa sauti. Jiko lile akapewa shemeji yake wiki ile ile.

Na neno halikukaa mjini. Nilikuwa nimechumbia binti mmoja kule Ziba, baba yake mzee wa kanisa. Ngoma ya harusi ilikuwa imekwisha pangiwa baada ya mavuno. Mzee akanitumia mtu: binti yangu haolewi na mlevi. Nikaenda kwa miguu. Akanipokea uani, hakuniingiza ndani, akaniambia, "Mwanangu, mimi sikukuona ukinywa. Lakini watu wanasema, na mimi ndiye ninayesimama mbele ya kanisa." Binti akaolewa na fundi cherehani. Mke niliyempata baadaye alikuwa mwema na nilimpenda, Mungu amrehemu, lakini mambo haya hayabadilishani nafasi.

Nilichotaka tangu siku ile kilikuwa kimoja. Sikutaka jiko la bwana wa visima. Sikutaka hata cheti kipya. Nilitaka mtu yule, kwa mdomo ule ule, mbele ya gogo lile lile, aseme kwamba sikulewa. Nililala na jambo hilo na kuamka nalo.

Mahali pasipoulizwa cheti ni porini. Nikajiandikisha kambi ya barabara, upande wa magharibi, kwenye njia ya zamani ya misafara inayokwenda Ujiji. Babu yangu alipita njia hiyo na pembe ya ndovu begani. Mimi nilipita na masufuria. Miyombo mitupu, mbung'o wanauma mpaka kwenye kope. Kambi ilikuwa na Wazungu wanne. Mkubwa wao alikuwa Mskochi, mtu mfupi, mkali, mwenye nywele za rangi ya kutu. Kulikuwa na kijana wa kusini, kijana laini. Kulikuwa na fundi wa madaraja, Mwairishi mzee. Na wa nne alikuwa amekaa jeshini Uhindini miaka mingi. Wapishi wengine walikuwa wamewakimbia. Mimi nilifika kambini bila kukabidhiwa na mtu, lakini safari hii nilikuwa nimepata akili: siku ya kwanza nilimwuliza kila mmoja anakula nini, saa ngapi, bila aibu.

Jioni ile wakagombana mezani kwa sababu yangu.

"Dina ni usiku," kijana wa kusini akasema. "Mstaarabu hali dina jua likimwaka kichwani."

Mskochi akamjibu, "Baba yangu kala dina saa sita mchana maisha yake yote, na angekubeba wewe pamoja na godoro lako."

"Saa sita ni tifini," akasema yule wa Uhindini.

"Tifini ni neno la huko huko Uhindini! Uliliokota huko, na malaria yako," Mskochi akamkata.

"Na wewe jioni unaita chai," kijana akamrukia Mskochi, "chai yenye soseji, na mayai, na samaki. Hiyo ni chai gani?"

"Chai ya mtu aliyefanya kazi," akasema Mwairishi, na hapo wote wakacheka ila kijana.

Kiingereza cha mezani nilikuwa nakielewa. Nilisimama na bakuli la viazi mkononi, sikuliweka. Nikamwuliza Mskochi, "Bwana, watu wa kaskazini ya Uingereza, kule kwenye makaa ya mawe, dina yao ni lini?"

"Mchana," akasema. "Mchana, kama watu."

Bwana wa visima alikuwa mtu wa makaa ya mawe. Siku aliyoniajiri niliiona picha ya shimo lao ukutani ofisini, akaniambia ni kwao. Na yule boi wa meza alikuwa amemtandikia meza saa sita ya kila siku kwa miaka mitatu kabla sijafika. Mpaka dakika ile nilifikiri kwamba aliona bahati mbaya yangu, akaipanda kama punda aliyepita. Sasa nikajua kwamba punda alimleta mwenyewe. Alinikatalia siku zangu tatu akijua. Alipiga kofi nyama yangu mbichi akijua. Viazi vikapoa, Mskochi akaniambia, "Unatulisha au unaomba?"

Miaka miwili na zaidi nilikaa kambi ile, nikayajua maneno yao kuliko watoto wao. Nilichora kwa mkaa juu ya kifuniko cha sanduku la chai: jua linachomoza, jua utosini, jua linazama, taa, na chini ya kila moja alama ya mtu na chakula chake. Nilijua kwamba Mskochi kabla ya kulala anataka kitu wanachokiita sapa, na sapa yake ni uji wa shayiri wenye chumvi. Ndiyo, chumvi. Nilijua kwamba Mwairishi naye dina yake ni mchana, lakini akija mkubwa kutoka makao makuu, ghafla wote wanaita lanchi, na vifundo vya tai vinapanda shingoni. Maneno yao ya chakula ni kama nguo zao. Wana za kazini na wana za kuonwa nazo. Nani katika walimu wenu alikwisha kuwaambia hayo?

Kambi ilipofungwa, Mskochi aliniandikia cheti kirefu, akaenda kwao likizo. Kwa cheti hicho niliingia nyumba ya wageni ya Wazungu hapo Tabora, na haukupita mwaka nikawa mkubwa wa jiko, na watu watano chini yangu. Buchani wakaanza kuniamkia vizuri. Lakini nikigeuza mgongo bado nilisikia: anapika sana, lakini ah, kile kitu chake cha Jumapili. Mtu akipanda, na jina baya hupanda naye, hukaa bega moja.

Kisha Mskochi akarudi na mke, akapewa nyumba mjini. Akaniita nirudi kwake. Nikamwambia, bwana, mimi sasa nina watu watano. Akacheka, akakubali, akaajiri mtu mmoja wa kufanya yote, kupika na kutandika. Bwana wa visima alikuwa amekwisha ondoka nchini, na mtu wake alikuwa hana kazi. Mnajua aliajiri nani.

Mskochi akamwambia, "Nenda kwa mpishi yangu ya zamani. Yeye jua mimi." Hakuwa na la kufanya. Asubuhi moja akaja buchani, tarabushi imepauka kidogo, wapishi sita au saba wote wapo. Akasimama mbele yangu.

"Shikamoo, kaka," nikamwambia, kabla hajafungua mdomo. Nilimpa kwa adabu yote.

Akababaika. "Marahaba. Nimekuja... ni habari ya nyumba ya yule bwana. Unikabidhi."

Mmoja wa wapishi akakohoa. Mwenye bucha akaacha kupangusa kisu.

"Nitakukabidhi," nikasema. "Kaa. Nyinyi wote sikilizeni, mje kuwa mashahidi wangu, nisije nikasingiziwa. Bwana yule dina yake ni saa sita na nusu mchana. Nyama na viazi, chakula kizima, usimpe vipande vya mkate. Saa kumi na mbili jioni anakunywa chai, na chai yake ina mayai na samaki au soseji. Kabla ya kulala anakula sapa, uji wa shayiri. Usitie sukari. Tia chumvi."

"Chumvi?"

"Chumvi."

"Mzungu ale uji wa chumvi?"

"Na kesho njoo jikoni kwangu, na kesho kutwa, na mtondo. Siku zako tatu unazo. Nitakuonyesha kwa mikono."

Nilimtazama usoni wakati nasema, na niliona lile nililolitegemea. Hakuniamini. Angeniaminije? Alijua yeye alichonifanyia, na kila neno langu alilipima kwa mizani yake mwenyewe. Dina ya mchana! Alifikiri nimemletea mtego ule ule, nimeupaka mafuta tu. Kwamba bwana wa visima alikula mchana hakukumsaidia. Alijisemea, huyu Mskochi lazima anakula usiku, ndiyo maana huyu Mnyamwezi ananitajia mchana. Na ile chumvi ikamaliza kazi. Akaondoka anatabasamu kama mtu aliyeponyoka. Kesho yake hakuja jikoni kwangu, wala kesho kutwa, wala mtondo.

Watu wameniuliza baadaye: ulijua? Nilijua. Ningeweza kumshika mkono nikamwambia, kaka, walahi ni kweli. Sikumshika. Nilimpa haki yake yote, mpaka ya mwisho, mbele ya mashahidi, na nikamwachia auharibu ukweli ule kwa mikono yake.

Jumatatu, saa sita na nusu, Mskochi alikaa mezani na mkewe na mkubwa wake wa kazi. Walichopata ni vipande vya mkate na tango. Nyama ilikuwa mbichi jikoni, inangoja usiku. Na usiku wa kuamkia siku hiyo, usiku wa kwanza wa mtu yule kazini, bwana alikuwa amekwisha tema uji wa sukari.

Jumanne asubuhi tulikuwa kwenye gogo tulipoona gari la Mskochi linasimama mbele ya bucha. Akashuka, na mtu wake akashuka upande wa pili, bila tarabushi.

"Wewe," Mskochi akaniambia, na Kiswahili chake kilikuwa bado kile cha kambini. "Hii mtu nasema wewe danganya yeye. Kweli?"

"Bwana, nilimkabidhi mbele za watu. Waulize."

Akamgeukia mwenye bucha, mtu wa msikitini ambaye mji mzima ulimheshimu. Mwenye bucha akasema, "Mimi kazi yangu ni kisu cha halali, siwezi kuanza asubuhi kwa uongo. Alimwambia dina saa sita na nusu. Alimwambia chumvi. Alimwita mpaka jikoni kwake siku tatu." Wapishi wote wakaitikia. Mmoja akaongeza, "Hata samaki alimtajia, bwana."

Mskochi akamtazama mtu wake. "Basi kwa nini hapana sikia?"

Mskochi akamsogelea.

"Kwa nini wewe fikiri yeye danganya? Yeye kaa na mimi miaka mbili, danganya hapana."

Jasho lilikuwa linamtoka juu ya mdomo. Mimi nikakaa pale pale kwenye gogo. Nilikuwa nimengoja miaka mitatu, nikaona nisimharibie. Mwenye bucha akasema, "Mjibu bwana."

"Kwa sababu mimi nilimdanganya kwanza," akasema. Alisema haraka, kama mtu anayetapika. "Kwa bwana wa visima. Sikumkabidhi. Nilimwambia anakula kama wote."

"Na pombe?" akauliza mpishi mmoja kutoka kwenye gogo. Sikuwa mimi.

"Hakunywa."

"Sema vizuri."

"Hakulewa. Ulikuwa moshi wa kuni."

Mskochi hakuelewa yote, lakini alielewa ya kumtosha. Akamwambia achukue nguo zake aondoke, akapanda gari, akaenda. Hapo yule mtu akanijia, akainama kidogo, yeye aliyenizidi miaka kumi, akasema kwa sauti ya chini, "Bwana yule anakusikia. Niombee. Nina watoto."

"Rudia kwanza," nikamwambia.

"Nirudie nini?"

"Ulichosema juu yangu. Hawa wawili wamefika sasa hivi."

Kweli walikuwa wamefika sasa hivi, wapishi wawili na vikapu vyao, wanashangaa. Akarudia. Hakulewa, ulikuwa moshi. Nikamwambia sauti ni ndogo, mwenye bucha anapasua mfupa. Mwenye bucha akaweka shoka chini, akasema, "Kweli, nilikuwa napasua mfupa." Akarudia mara ya tatu, kwa nguvu, mpaka wanawake wa mboga upande wa pili wa njia wakageuka kutazama.

"Sasa utaniombea?"

"Hapana," nikasema.

Akaenda zake. Wapishi wakasogea kwenye gogo, nikakaa katikati. Sikuwa na haraka. Nyumba ya wageni ilikuwa na watu wanne siku ile, wote wa kusini, dina yao usiku. Nikamwambia mwenye bucha anionyeshe paja la kulia, kisha la kushoto, kisha la kulia tena.